Neno Nililolimeza Hara Dima

Nyinyi mnaoanza kazi ya ukalimani, mahakamani na hospitalini, mkija kunisalimu hapa mtaani Waberi huniuliza ni neno gani lilinishinda kuliko yote. Mnatarajia nitaje neno kubwa la serikali au la kidaktari. Hayo hayakunitisha. Neno usilolijua linakulazimisha usimame uulize. Lililonikosesha raha miaka mingi lilikuwa neno jepesi, nililolijua kwa lugha zangu zote tatu, nikalimeza kwa sababu nilikuwa na haraka na koo lilikuwa limekauka.

Nitawaeleza, ila mnivumilie nikizunguka kidogo. Wazee hatuendi moja kwa moja.

Mimi nilizaliwa kando ya Tana, karibu na Garissa. Baba alikuwa Msomali, mchuuzi wa ngozi. Mama alitoka kwa wafugaji wa mtoni wanaosema Kioromo, kwa hiyo Kiboran cha kule Wajir hakikunisumbua. Kiswahili nilikiokota kwa maaskari na wenye maduka, na hakikunikaa vizuri mdomoni. Nilikuwa nasema "bole bole" badala ya pole pole, na visima kwangu vilikuwa "fisima." Nilipoajiriwa mkalimani, au tarjuman kama walivyosema, kwenye boma la serikali ya Wazungu pale Wajir, makarani wa pwani walikuwa wakipita asubuhi kunichokoza: "Tarjuman, leo kuna fisima fingapi?" Nami nilikuwa nikijibu kwa hasira, na hasira ilizidi kuniharibia matamshi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Komora, Mpokomo aliyekuwa mkalimani tangu mimi sijaota ndevu. Wiki yangu ya kwanza mzee mmoja mfugaji alimkasirikia mkubwa wa boma, akaniambia, "Mwambie ana akili za kondoo." Mimi nikaogopa. Nikasema kwa Kiswahili, "Mzee anasema Bwana ana huruma." Bwana akatabasamu, akainuka, akampa mzee mkono. Mzee aliondoka ameduwaa. Alizunguka manyatta yote akieleza kwamba Wazungu wanapenda kutukanwa, na wiki iliyofuata wakaja wengine watatu kujaribu.

Mzee Komora hakucheka. Alinivuta kando akasema, "Umemfanya mzee yule mwongo bila yeye kujua. Kazi yako si kupatanisha watu. Kazi yako ni kubeba. Ukipewa mzigo mchafu, fikisha mchafu."

Alinifundisha mengine pia. Usisimame nyuma ya mkubwa, simama katikati, ili kila upande ukuone mdomo. Usikubali mtu aseme mambo matatu kwa pumzi moja, mkatize kwa heshima. Kunywa maji kabla ya baraza. Nilisikiliza yote. Lakini ile tabia ya kulainisha, ya kufupisha ili mkubwa asichoke, haikunitoka. Ilijificha tu.

Sasa Hara Dima. Kilikuwa kijiji kidogo kwenye njia ya kutoka Wajir kwenda El Wak. Maduka mawili ya mabati, msikiti wa udongo, na vibanda vya mikeka ambavyo leo viko hapa na kesho viko kule. Kilichowaweka watu pale ni visima saba vilivyokatwa kwenye mwamba mweupe. Vitatu vilikuwa na maji ya chumvi ambayo ngamia tu waliyavumilia. Vinne vya upande wa magharibi vilikuwa na maji matamu.

Asubuhi ungewasikia watu kabla hujawaona. Vijana walishuka kisimani wakasimama mmoja juu ya mwingine kwenye vidato vya mwamba, wakirushiana ndoo za ngozi kutoka chini hadi juu, na ili ndoo isimwangukie mtu walikuwa wakiimba. Ng'ombe walijua nyimbo zao. Ulipoanza wimbo wa wenyewe walisogea kwenye hori, ukianza wa wengine walibaki wamelala.

Koo mbili ziliishi pale. Watu wa Isaak Hirsi, Wasomali, wenye ngamia na mbuzi. Na watu wa Galgalo Dida, Waboran, wenye ng'ombe. Maji matamu walikunywa kwa zamu, siku mbili hawa, siku mbili wale. Nani aliipanga zamu hiyo hakuna aliyeniambia, na mimi wakati huo sikuuliza.

Miaka michache baada ya vita vikubwa vya pili akaja afisa kijana, Mwingereza, ambaye watu walimwita Bwana Penseli kwa kuwa alikuwa nayo sikioni hata akila. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja Hara Dima na hema, meza ya kukunja na daftari nene, akasema anataka kuandika historia ya kijiji. Kwao Uingereza, alieleza, kuna kijiji kidogo kama hiki, na kasisi mmoja aliandika kitabu kinachosema nani alijenga kila nyumba, nani alipanda kila mti, na bwawa la bata lilichimbwa lini.

Nikatafsiri. Bata walinisumbua, ikabidi niseme ndege wanaoogelea na kuliwa. Mzee Isaak, mtu mrefu mwenye ndevu za hina, akauliza, "Na hilo bwawa ni la nani?"

"La kila mtu," akasema Bwana.

"Sasa kama ni la kila mtu, kitabu cha nini?"

Watu wakacheka, na Bwana alipotafsiriwa akacheka naye, akaandika hata hilo.

Kazi ikaanza. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, mwisho wa kiangazi. Tulikaa hemani siku sita, wazee wakiingia mmoja mmoja. Siku ya nne, saa tisa alasiri, turubai limekuwa kama tanuri, aliingia Mzee Isaak. Nilikuwa nimesema tangu asubuhi. Ulimi ulinishika kwenye kaakaa. Nilijivunia kwamba naweza kutafsiri maelezo ya robo saa bila kukatiza, na Bwana alikuwa amenisifu kwa hilo.

Isaak akaeleza habari za babu yake. Alieleza kirefu: alikotoka, ngamia aliokuwa nao, ukame uliomsukuma. Kisha akasema, "Akafika hapa, akavikuta vile vinne vimefukiwa kwa mawe na miti. Wenyewe walikuwa wamehama kwa maradhi ya ng'ombe. Akavifukua. Na wenyewe waliporudi, akawapisha."

Bwana akaniangalia. "Anasema nini kuhusu visima?"

Nikasema, "Anasema babu yake alichimba vile vinne."

Hivyo tu. Bwana akaandika. Isaak hakujua Kiswahili zaidi ya maneno ya dukani. Nilisikia mwenyewe kwamba nimeacha kitu, kama mtu anayesikia sarafu ikidondoka njiani asigeuke. Nikajiambia, kuchimba na kufukua, tofauti iko wapi, mtu si ametoa mchanga? Tukaendelea na mambo ya mahari.

Miezi mitatu ikapita. Mvua za kwanza zilikuja kidogo zikakata. Bwana akarudi Hara Dima na maaskari sita na karatasi iliyopigwa taipureta, akaitisha baraza. Nikasimama katikati kama nilivyofundishwa. Akawa anasoma kwa Kiswahili sentensi moja moja, nami naigeuza Kisomali, halafu Kiboran.

"Serikali imekusudia kuondoa ugomvi wa maji kabla haujaanza." Nikageuza.

"Kila kisima kitakuwa cha waliokichimba." Nikageuza.

"Kwa kuwa wazee wenyewe wamethibitisha kwamba visima vinne vya magharibi vilichimbwa na babu yake Isaak Hirsi..."

Hapo, wanangu, masikio yalinilia. Neno langu lilikuwa limekwenda bomani, limevaa muhuri, na sasa limerudi linanitazama. Nilijua palepale. Bwana alikuwa anangoja. Watu kama mia mbili walikuwa wananitazama mdomo.

Nikageuza. Kisomali, halafu Kiboran. Nikageuza na iliyofuata pia: watu wa Galgalo wahamie visima vya Dirib, mwendo wa siku mbili, kabla mwezi mwingine haujaandama.

Galgalo Dida, mtu mfupi mwenye kovu shavuni, aliinua kichwa akaniuliza kwa Kiboran, "Sema tena hapo pa kuchimba." Nikasema tena. Akaokota fimbo yake, akaondoka.

Ningesema siku hiyohiyo. Nawaambia hivi kwa sababu mtajikuta mahali kama pale, na mtajipa sababu nzuri kama nilizojipa mimi. Nilijiambia Bwana ana hasira leo, nitasema kesho. Kesho nikajiambia karatasi imeshasainiwa na mkubwa wa juu, haibadiliki. Keshokutwa nikaanza kuhesabu nitakachopoteza: kazi, nyumba ya boma, labda nifungwe kwa kupotosha serikali.

Na kijiji kilibadilika mbele ya macho yangu, maana Bwana alikuwa amepiga kambi palepale kusimamia uhamaji. Jambo la kwanza nililoona ni kwamba nyimbo zilikoma. Watu walichota maji kimya, na ndoo zikawa zinaanguka na kuumiza walioko chini. Vijana wa Isaak wakazungushia visima vinne matawi ya miiba, wakaacha mlango mmoja. Vijana wa Galgalo, ambao zamani walikuja na fimbo za kuchungia, wakawa wanakuja na mikuki. Kila asubuhi nilitoka kuhesabu mikuki. Siku ya tano ilikuwa minane. Siku ya saba nilifika ishirini nikaacha kuhesabu.

Siku hiyo ya saba Darmi, binti yake Galgalo, alinikuta nyuma ya duka. Alikuwa amejifungua wiki ile, mtoto amefungwa kifuani, yeye mwenyewe amejishika ukuta.

"Tarjuman," akasema, "wewe si ndiye ulikuwa unasema kwa niaba yetu?"

"Mimi nabeba maneno tu, dada."

"Basi niambie. Siku mbili za kutembea, na mimi bado natokwa damu. Hayo nayo ulimbebea Bwana, au hakukuuliza?"

Akaondoka polepole, akisimama kila hatua chache.

Kesho yake Mzee Isaak akaja kwenye hema langu. Niliinuka kumpa kiti. "Karibu, Adeer." Ndivyo tunavyomwita mtu wa rika la ami zetu. Hakukaa.

"Dubow," akasema, akiniita kwa jina langu badala ya cheo, "mimi nilimwambia Mzungu kwamba babu alivikuta visima vimefukiwa. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, Adeer."

"Na kwamba wenyewe waliporudi akawapisha?"

"Ulisema."

Akavuta pumzi. "Nilidhani nimezeeka, nimesahau kulisema. Niliwaambia wanangu, wakanicheka. Wanasema serikali yenyewe imeandika ni vyetu, wewe unatoa wapi mengine? Wanataka maji yale, Dubow. Damu ikimwagika pale itakuwa ya wanangu na ya watoto wa Galgalo niliowatahirisha pamoja. Mimi nikikataa peke yangu watasema mzee amepotewa. Wewe ndiwe uliyeliweka neno. Nenda ukalitoe."

"Nitafungwa, Adeer."

"Labda," akasema. "Utafungwa ukiwa hai."

Nikaenda saa hiyohiyo, maana nilijua nikikaa nitapata sababu nyingine. Bwana Penseli alikuwa anakula kwenye meza yake ya kukunja. Nikamwambia nimekosea siku ile ya Isaak. Akafikiri nalaumu Kiswahili chake.

"Unataka kusema sikukuelewa?"

"Hapana, Bwana. Ulielewa sawasawa nilichosema. Nilichosema mimi sicho alichosema mzee."

Nikamweleza: kufukiwa, kufukua, kuwapisha wenyewe. Akaweka uma chini. Uso ukawa mwekundu hadi masikioni, nikangoja kelele. Kelele haikuja. Alinyoosha mkono akachukua lile daftari nene, akaliweka kati yetu, akauliza kwa sauti ya chini, "Maneno mangapi mengine humu ni yako?"

Hilo swali liliniumiza kuliko ambavyo kofi lingeniumiza. Wanangu, ni jambo la kutisha kuulizwa hivyo na huna jibu.

Akasimama. "Galgalo yuko wapi?"

Hapo ndipo tulipojua. Askari aliyetumwa kumwita alirudi na habari kwamba Galgalo ameshaondoka tangu jana usiku. Hakungoja mwezi uishe. Aliona ile mikuki, akaogopa vijana wake kuliko alivyoogopa jua, akawachukua vijana wote pamoja na ng'ombe, akaelekea Dirib. Wanawake na watoto walibaki wakifunga mizigo wafuate. Na Dirib, alisema mwenye duka, wasafiri wa juzi walikuta maji yamebaki matope.

Bwana akanipa lori, dereva na mapipa mawili ya maji. "Nenda ukawarudishe," akasema. "Na useme yote."

Ile safari sitaisahau. Nyayo za ng'ombe zilikuwa wazi kwenye mchanga, mwanzo zimekaa pamoja, halafu zikaanza kutawanyika, kila mnyama akitafuta kivuli chake. Tulimpita ng'ombe wa kwanza aliyelala kabla ya adhuhuri. Halafu wawili pamoja. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, kisha nikakalia mikono yangu.

Tuliwakuta alasiri. Hawakuwa wamefika hata nusu ya njia. Vijana walikuwa wameketi kwenye vivuli vya miiba, midomo imepasuka. Walipoliona lori wengine wakashika mikuki. Galgalo alikuwa amepiga magoti kando ya ng'ombe mweupe, anamwinua kichwa kwa mikono yote miwili.

Nikashuka. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema kwa Kiboran, nikimwita baba kwa heshima, "Abba Galgalo, Isaak hakusema babu yake alichimba. Alisema alivikuta vimefukiwa, akavifukua, na mliporudi akawapisha. Mimi ndiye niliyesema alichimba. Si Isaak, si Mzungu. Mimi. Amri imezuiwa. Rudini."

Kijana mmoja akainuka na mkuki wake, akanijia hadi nikaona mishipa ya mkono wake. Galgalo akasema, "Keti." Kijana akaketi.

Mzee aliendelea kumshika yule ng'ombe. Baadaye akauliza, bila kunitazama, "Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yote yalinikimbia. "Nilikuwa nimechoka," nikasema. "Nilikuwa na kiu."

Akainua uso. "Ulikuwa na kiu," akarudia. Akawatazama wanyama wake waliolala, mmoja baada ya mwingine. Halafu akawaambia vijana waanze kushusha mapipa.

Tulirudi nao Hara Dima kwa siku mbili, tukitembea asubuhi na jioni. Ng'ombe kumi na tisa walibaki kule. Darmi na watoto hawakuwa wameondoka, alhamdulillahi. Mzee Isaak mwenyewe aliing'oa ile miiba kwenye visima, na wanawe walimtazama kwa mikono mitupu mpaka mdogo wao kabisa akainama kumsaidia. Zamu ikarudi siku mbili hawa, siku mbili wale. Ila nyimbo, nasema kweli, zilichukua muda.

Bwana Penseli alinikalisha wiki tatu. Wazee wote wakaja upya, ukurasa kwa ukurasa, na mkalimani wa pili aliyeletwa kutoka Wajir anasikiliza pembeni. Tulikuta makosa mengine. Mengine yangu, mengine yake, mengine ya wazee waliodanganyana. Sikufungwa. Niliondolewa ukalimani nikawa tarishi, nabeba barua ambazo siruhusiwi kujua zinasema nini. Mzee Komora aliposikia alinitumia ujumbe mfupi: nikae, nisitoroke kwenda Kismayu. Nikakaa.

Baada ya mwaka walinirudisha, kwa upungufu wa watu tu. Lakini Galgalo Dida hakunirudia. Kila alipokuja bomani Wajir kwa shauri lolote alimtaka mkalimani mwingine, kijana ambaye Kiboran chake kilikuwa cha kuchechemea. Mimi nilikaa barazani nje nasikia yule kijana akiyavunjavunja maneno ya mzee, na sikuwa na haki ya kufungua mdomo. Miaka minne. Hiyo ilikuwa adhabu yangu kamili, na hakuna hakimu aliyeitoa.

Siku moja, yule kijana akiwa mgonjwa na mimi peke yangu nipo, Galgalo aliingia. Alikuwa amezeeka, anaegemea fimbo. Alikuja kuomba ruhusa ya kupitisha mifugo yake upande wa pili wa mpaka wa malisho wakati wa ukame. Mkubwa mpya akaniita. Nikasimama katikati.

Galgalo akasema sentensi moja kwa Kiboran. Nikafungua mdomo kuigeuza. Akainua kiganja.

"Bado. Kwanza nirudishie mimi."

Sikuelewa. "Nikurudishie nini, Abba?"

"Nilichosema. Kwa lugha yangu. Nikisikie kabla hujampa yeye."

Nikamrudishia. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayeonja maji ya kisima asichokijua. "Umeacha neno 'ndama,'" akasema. "Ng'ombe na ndama." Nikarudia, nikaliweka. Mkubwa akaanza kugonga meza kwa kidole, akauliza mbona tunakawia. Nikamwomba radhi, nikamwambia mzee bado hajaniruhusu.

Galgalo aliniangalia machoni, mara ya kwanza tangu siku ile ya lori. Hakutabasamu.

"Sasa mpe," akasema.